Kuotesha miche ya kahawa kutoka kwenye kipande cha jani

Kama unalima arabika ya kawaida, panda mbegu: hujichavusha yenyewe, na watoto hufanana na mama. Maabara ni kwa ajili ya robusta, ambayo haijichavushi, na chotara za F1 (kizazi cha kwanza cha kuchanganya aina mbili), ambazo mbegu zake hutoa mchanganyiko.

Mti mama nauweka kwanza chini ya paa, wiki kadhaa, nikimwagilia shinani tu. Jani lililonyeshewa shambani hubeba ukungu ndani yake, na ukungu huo klorini haiufikii. Chuma jozi ya pili au ya tatu ya majani kutoka nchani. Lioshe jani kwa sabuni, lichovye nusu dakika kwenye spiriti ya asilimia 70, kisha liloweke kwenye klorini iliyozimuliwa kwa dakika 15 hadi 20. Suuza mara tatu kwa maji yaliyotakaswa. Ndani ya kabati la hewa safi, kata vipande vya sentimita 1 kila upande, ukikwepa mshipa mkuu na kingo.

Chakula cha vipande hivyo ni chumvi za watafiti Murashige na Skoog, mchanganyiko wa mwaka 1962, kwa nusu ya kipimo. Ongeza vitamini, sukari, agari ya kugandisha, na homoni za mimea , yaani 2,4-D na kinetini. Rekebisha pH iwe 5.6 hivi, kisha takasa kwa nyuzi 121 kwa dakika 20. Vipande vikae gizani, nyuzi 25 hadi 27.

Baada ya wiki chache kingo zilizokatwa huvimba, zikatoa kalasi, yaani donge la chembe hai zisizo na umbo, laini, nyeupe. Usiifurahie bado. Ihamishie kwenye chakula chenye 2,4-D kidogo na BAP (homoni ya jamii ya kinetini) zaidi, uiache. Itageuka kahawia, na hapo ndipo watu hutupa sahani wakidhani imekufa. Nakusihi usitupe! Kama hakuna ukungu wala utelezi wa bakteria, subiri miezi. Juu ya ile kahawia huchomoza chembechembe za manjano, zinazomeguka kwa kuguswa na kibanio. Hizo tu ndizo utakazochukua. Kalasi ngumu, yenye majimaji, iache. Wala usizizungushe chembe hizo kwenye chakula cha maji muda mrefu, maana kadiri zinavyozeeka ndivyo miche yenye kasoro inavyoongezeka.

Ukiondoa 2,4-D, chembe huwa viinitete, yaani mimea michanga kama ile iliyo ndani ya mbegu: kijiduara, kisha umbo la moyo, kisha hurefuka. Vipe mwanga vikishafungua majani ya mbegu.

Mche ukiwa na jozi mbili za majani, osha agari yote mizizini, kwa sababu sukari iliyobaki huita ukungu. Panda kwenye udongo mwepesi uliotakaswa, kivulini, ukifunikwa na plastiki. Majani ya chupani hayajui kufunga vinyweleo vyake (vitundu vya kupitishia hewa), hivyo hewa kavu huyanyausha kwa saa chache tu. Funua kidogo kila siku, ukianza na jioni, mpaka majani mapya yaliyoota nje yaimarike. Ndipo uhamishie miche kwenye viriba.