Piga Picha ya Meno Mchana, Bibi Harusi

Kazi yangu hapa Langoni, Lamu, ni kupamba maharusi: hina, piko, kusinga. Siku hizi bibi harusi huja na simu mkononi, programu ya akili unde imeshamwonyesha atakavyocheka akiwa na meno meupe pepepe. Simkatazi. Namfunza kuitumia.

Kwanza picha. Usipige usiku. Taa ya manjano hufanya meno yawe ya manjano, na akili unde husoma rangi ya picha, si ya kinywa. Keti barazani asubuhi, kivulini, umefuta rangi ya mdomo. Zima urembo wa kamera, maana hung'arisha meno bila kukuuliza. Shika karatasi nyeupe chini ya kidevu. Ikitoka ya manjano, rudia.

Halafu maswali. Ukiuliza tu "yatakuwaje meupe?" utapewa orodha ya dawa, na programu nyingine ni za wauzaji wenyewe. Ieleze habari zako: tambuu, kahawa, jino lililozibwa, jino linaloshtuka kwa maji baridi, na ulikokulia. Aliyekulia Nakuru au Naivasha, kwenye maji yenye floridi nyingi, huenda madoa yake yameingia tangu jino likiumbika. Ya tambuu mengi hukaa juu, hutoka kwa kusafishwa kliniki tu. Uliza pia lipi halitang'aa: jino la bandia na kizibo havibadiliki kwa jeli ya peroksaidi, ile dawa ya kung'arisha meno. Utabaki na kizibo cha manjano katikati ya meno meupe, na wapiga picha wote wamekuelekea.

Jino moja likiwa la kijivu peke yake, weka simu chini.

Mwaka jana nilikuwa na binti wa hivyo. Programu ilimwambia ni doa, atie jeli wiki mbili. Nikamwuliza, "Mwanangu, uliwahi kuanguka?" Akacheka: aliangushwa na punda akiwa na miaka tisa. Tukampeleka Mombasa, daktari akapiga eksirei, kompyuta yake ikachora mraba mwekundu kwenye ncha ya mzizi. Akili unde ya namna hiyo naipenda, humwonyesha daktari pa kutazama. Naye hakuishia hapo: aliligonga kwa mpini wa kioo, akaligusisha pamba baridi. Binti hakusikia kitu. Jino lilikuwa limekufa ndani. Likatibiwa mzizi kwanza, ndipo likang'arishwa kwa ndani.

Simu ikikwambia usugue ndimu na magadi, kataa. Ndimu hula gamba la nje la jino, na gamba hilo halioti tena. Jeli ichukue kwa daktari aliyekukagua, na uanze mwezi mzima kabla ya harusi, maana meno huweza kushtuka siku kadhaa. Mwenye mimba asubiri ajifungue.

Na ukishatiwa jeli, siku mbili bila tambuu wala kahawa. Hapo ndipo wengi huniomba niwatafutie programu nyingine.