Gari la Rimoti la Njia za Vumbi: Kulichagua na Kulifanyia Marekebisho

Kabla hujauliza bei ya gari lolote, nenda ukasimame mahali ambapo utaliendesha kila mwisho wa juma, kisha uinamie ardhi yake. Ukubwa wa magari haya huandikwa kwa sehemu: la 1/10 ni moja ya kumi ya gari halisi na mara nyingi lina urefu wa sentimita 40 hadi 55, la 1/18 ni kama sentimita 25, na la 1/24 hubebeka kwa mkono mmoja. Kokoto yenye ukubwa wa yai la kuku, ambayo gari la 1/10 huiruka bila taabu, kwa gari la 1/24 ni jabali. Kwa hiyo anayeishi kando ya barabara ya moramu au kiwanja cha mpira chenye vipara asishuke chini ya 1/10 ikiwa mfuko unaruhusu, ilhali mwenye ua mdogo uliosakafiwa atafurahia zaidi gari dogo kuliko kubwa lisilopata nafasi ya kukimbia.

Umbo nalo hufuata ardhi. Bagi huwa chini, nyepesi na rahisi kugeuka, ila majani yaliyozidi urefu wa kidole huikwamisha. Monsta, lenye matairi makubwa, hupita karibu kila mahali lakini hupinduka kwenye kona kwa sababu uzito wake uko juu. Kroala halikimbii kabisa. Limeundwa kupanda mawe kwa mwendo wa kobe, na wengi hulidharau mpaka walijaribu. Kwa anayeanza ningependekeza pikapu ya aina ya Traxxas Slash, iliyotoka mwaka 2008, kwa kuwa bodi yake pana hufunika matairi, na magari mawili yakigongana ubavuni si rahisi tairi la moja kupanda juu ya la mwenzake.

Jambo linalotenganisha gari la hobi na la kuchezea watoto ni spea, na kasi huja baadaye. Muulize muuzaji kama anaweza kukuuzia mkono mmoja wa mbele wa gari hilo, yaani kile kipande kinachounganisha tairi na chasi, au giya moja ya difu. Akikushangaa, ahirisha kununua. Fungua pia bodi utazame ndani: la hobi lina risiva (kipokea mawimbi ya rimoti), kidhibiti mwendo na sevo ya usukani kila kimoja peke yake, kwa hiyo kikifa kimoja unabadilisha hicho tu, wakati la kuchezea huwa limeunganisha yote kwenye kibao kimoja. Kuna jaribio jingine lisilohitaji bisibisi: zungusha usukani wa rimoti polepole ukiyatazama matairi ya mbele. Yakifuata mkono wako kidogo kidogo, gari ni la kweli. Yakiruka mara moja hadi mwisho wa kona, hicho ni kitu cha kumpelekea mpwa wako.

Mwenye subira anaweza kununua gari lililo vipandevipande na kuliunda mwenyewe. Grasshopper ya kampuni ya Kijapani Tamiya, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1984 na kurudishwa sokoni mwaka 2005, bado ni shule nzuri, kwani ukimaliza kuiunda unajua kila skrubu ilipo, na siku ya kuharibika huna haja ya fundi. Soma kwa makini maandishi ya kwenye boksi, maana rimoti, betri na chaja mara nyingi huuzwa kando na gari, na gharama ya hivyo vitatu inaweza kukaribia ya gari lenyewe. Ikiwa ndugu yako anakuletea betri ya lipo (ya lithiamu-polima) kwa ndege, mwambie aiweke kwenye mzigo wa mkononi na afunike ncha za waya kwa tepu. Betri ya volti 7.4 na mAh 5000 ina wati-saa 37, chini kabisa ya kiwango cha 100 ambacho mashirika ya ndege huruhusu bila kibali maalumu.

Sasa marekebisho. Usinunue chochote mpaka umemaliza chaji kumi hivi za betri ukiwa na gari kama lilivyotoka dukani, kwa sababu kabla ya hapo hujui udhaifu uko kwenye gari au kwenye vidole vyako. Baada ya hapo anza na beringi. Magari mengi ya bei nafuu, Grasshopper ikiwemo, huja na bushi za plastiki ambazo vumbi letu jekundu huzisaga kama msasa. Kuweka beringi zilizozibwa pande zote mbili hulifanya gari liteleze kwa wepesi, betri ikadumu zaidi na mota ikapoa.

Shokapu ndizo zinazofuata, na hapa sitapita haraka, kwa kuwa hakuna badiliko litakalolitofautisha gari lako kama hili. Shokapu zenye springi tupu hulifanya gari lidunde kama mpira. Zenye oili hulifanya litue. Tumia oili ya silikoni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, wala usijaribu ya injini au ya breki, ambazo zinaweza kuvimbisha vipete vya mpira. Shikilia shokapu wima, vuta ufito wake hadi mwisho wa chini, na ujaze oili mpaka karibu na mdomo. Sukuma ufito juu na chini taratibu sana. Utaona mapovu madogo yakipanda kama ya soda. Iache imesimama dakika tano mapovu yaishe, ongeza tone au mawili, kisha sukuma ufito nusu, funga kifuniko, na ufute oili iliyomwagika. Ikikoroma unapoisukuma, hewa imebaki ndani na kazi irudiwe. Kipimo cha mwisho ni kuliangusha gari kutoka usawa wa goti: linapaswa kutua, kubonyea na kuinuka mara moja bila kudunda tena. Pwani, joto huifanya oili iwe nyepesi, hivyo chagua nzito kidogo kuliko ile iliyopendekezwa.

Kipande cha puto, kikikatwa pande zote mbili na kuvishwa kwenye ufito wa shokapu kisha kufungwa kwa uzi, huzuia mchanga usiingie. Gari la ufukweni lisafishwe siku ileile kwa brashi ya rangi na kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi hula beringi hata kama vifaa vya umeme vimeandikwa kuwa haviingii maji.

Mikono ya alumini inayong'aa ndiyo inayowavutia wengi, nami nilikuwa mmojawapo. Nilifunga miwili ya mbele, nikagonga ukingo wa barabara, na mikono ikabaki salama. Kilichopasuka ni kitako kinachoishikilia, ambacho kilikuwa ghali zaidi na ilibidi nifungue nusu ya gari kukifikia. Mkono wa nailoni hupinda na kurudi, na ukivunjika umekufa ukilinda vingine. Alumini inafaa penye usukani na kwenye vishikio vya ekseli, basi. Kwa kroala, badala ya vyuma vya bei, vizito vya kubandika vinavyotumiwa na mafundi wa matairi kusawazisha rimu hufanya kazi vizuri vikibandikwa ndani ya rimu za mbele.

Mota iwe ya mwisho. Isiyo na brashi za kaboni (brushless) huandikwa namba ya KV, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti: yenye KV 3300 kwa volti 7.4 huzunguka takriban mara 24,420 ikiwa haina mzigo, na kwa betri ya seli tatu yenye volti 11.1 hufikia 36,630, nguvu ambayo meno ya difu ya plastiki hayakuandaliwa kuihimili. Badilisha difu kwanza. Lipo nayo haitaki uzembe: kila seli isizidi volti 4.2 wala kushuka chini ya 3, ihifadhiwe kwenye 3.8, ichajiwe juu ya sakafu ya saruji ukiwa karibu, na ikivimba usiitumie tena.

Unapofunga giya ndogo ya mota mpya, weka ukanda wa karatasi kati yake na giya kubwa, zibane pamoja, kaza skrubu za mota, kisha uzungushe giya ili karatasi itoke. Ikitoka imekunjwa meno bila kuchanika, nafasi ni sawa. Endesha dakika tano, simamisha, na uguse mota kwa haraka: ikiwa kidole hakivumilii kuhesabu mpaka tatu, rudi kwenye giya ndogo yenye meno mawili pungufu.