Jinsi ninavyokagua modeli ya kichocho kabla ya kuamini jibu lake

Huku Ukerewe na Sengerema, kando ya Ziwa Victoria, ushahidi wa kichocho cha matumbo huja vipande vipande: slaidi za Kato-Katz (kinyesi huangaliwa kwa hadubini kuhesabu mayai ya minyoo), vipimo vya mkojo vya CCA (hutafuta chembe zinazotolewa na minyoo), konokono wabeba vimelea waliookotwa mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Modeli, yaani hesabu za takwimu kwenye kompyuta, huvichanganya na kutoa namba moja ya walioambukizwa. Dawa ya praziquantel ikipangwa kwa namba hiyo na namba ikawa mbovu, kuna watoto watakaorukwa.

Hatua ya 1. Andika kila kipimo kinaona nini. Slaidi ya Kato-Katz hubeba miligramu 41.7 tu za kinyesi, ndiyo maana mayai tunayazidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Mwenye minyoo wachache hupita kama mzima. CCA huwanasa wengi zaidi, lakini kuna ule mstari hafifu kwenye kipimo, unaobishaniwa kama ni ugonjwa au la. Andika pia nani alipimwa, mwanafunzi au mvuvi, na kama ilikuwa kabla ya dawa au baada.

Hatua ya 2. Endesha modeli bila data yoyote. Ikikubunia shule ambayo kila mtoto ana mayai maelfu, rekebisha makadirio ya awali, yaani yale uliyoipa modeli kabla ya data.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Endesha modeli kwa kila chanzo peke yake. Tuseme kati ya wanafunzi 100, Kato-Katz imepata 30 na CCA 60, na modeli ya pamoja inasema 45. Hiyo 45 haikutoka kwenye kipimo chochote! Niliwahi kukabidhi ripoti ya namna hiyo. Mtu wa maabara ndiye aliyeniuliza mistari hafifu nimeihesabuje. Kama 20 kati ya wale 60 ni hafifu, ukiitoa wanabaki 40. Basi Kato-Katz ingekuwa imenasa robo tatu ya wagonjwa. Ukiiacha, nusu tu. Endesha kwa njia zote mbili, uonyeshe majibu yote mawili.

Hatua ya 4. Iambie modeli izalishe mayai ya kubuni, ulinganishe na daftari la maabara. Usiangalie wastani tu. Hesabu wasio na yai hata moja, hesabu na wenye mayai 400 kwa gramu au zaidi. Mayai hujirundika kwa watu wachache, kwa hiyo mgawanyo wa Poisson, unaodhani mayai yametawanyika bila kujirundika, kwa kawaida hushindwa. Jaribu binomia hasi, mgawanyo unaoruhusu mrundikano huo.

Konokono wape nafasi yao: wanaeleza hatari ya maji, hawahesabu wagonjwa.

Hatua ya 5. Ficha data zote za mwalo mmoja, modeli izibashiri. Ikikosea, rudi hatua ya 3. Usipanue mipaka ya makadirio ili tu jibu liingie.