Kutafsiri Vipimo vya Visima vya Mafuta kwa Kompyuta: Mbinu ya Kuunda Makundi

Kifaa cha kupimia kinaposhushwa kwa waya ndani ya kisima cha mafuta au gesi, kisha kikapandishwa polepole, hurekodi tabia za mwamba kila baada ya sentimita 15 hivi: miali ya gama (mnururisho wa asili wa mwamba), densiti, mwitikio wa nyutroni (unaofuata wingi wa hidrojeni), mwendo wa sauti na ukinzani wa umeme. Kipimo cha kwanza cha umeme kisimani kilichukuliwa mwaka 1927 huko Pechelbronn, Ufaransa, na kwa miongo mingi baada ya hapo tafsiri ilitegemea jicho la mjiolojia na penseli yake. Kisima chenye urefu wa mita 3,000 hutoa karibu safu 20,000 za namba, na ndiyo maana inafaa kompyuta ipewe mgawanyo wa kwanza, yaani kuziweka safu zinazofanana katika makundi. Hata hivyo kompyuta haijui mchanga wala chokaa. Inajua tu namba zipi zinakaribiana, na kila hatua ifuatayo inatokana na ukweli huo.

Kwa mazoezi, tumia data za uga wa Volve, ulioko upande wa Norwei katika Bahari ya Kaskazini, ambazo kampuni ya Equinor ilizitoa kwa umma mwaka 2018. Mafuta ya uga huo yalikuwa katika miamba ya mchanga ya Hugin, ya kipindi cha Jurasiki. Faili za LAS, ambazo ni faili za maandishi za kuhifadhia vipimo vya visima, husomwa kwa lugha ya Python kwa kutumia maktaba ya lasio, na makundi huundwa kwa scikit-learn, maktaba ya kujifunza kwa mashine. Chagua sehemu moja ya kisima, si kisima kizima, kwa sababu tope laini la karibu na sakafu ya bahari na miamba iliyogandamizwa kilometa tatu chini yake vitatengana kwa sababu ya kina tu.

Usafishaji wa data ndio unaostahili muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Hakikisha kwamba -999.25, ambayo katika faili hizi kwa kawaida ni alama ya kipimo kilichokosekana, haiingii katika hesabu kama namba halisi. Kisha linganisha kipenyo cha shimo na kipenyo cha keekee, yaani kifaa kilichotoboa shimo: keekee ikiwa ya inchi 8.5 na shimo likasomeka inchi 11, ukuta umemomonyoka, na kifaa cha densiti kinasoma tope la kuchorongea (majimaji yanayojaza shimo) badala ya mwamba. Sehemu kama hizo zikiachwa, zitaunda kundi lao lenye densiti ndogo, na mtu asiye mwangalifu ataliita makaa ya mawe.

Baada ya hapo weka vipimo vyote katika mizani moja. Miali ya gama hutembea kati ya 0 na 150 hivi, ilhali densiti hubaki kati ya gramu 2 na 3 kwa sentimita ya ujazo. Kwa hiyo umbali ukipimwa kwa namba ghafi, gama itaamua kila kitu. Toa wastani katika kila kipimo, kisha gawanya kwa mkengeuko sanifu wake, yaani kiasi ambacho namba zake hutawanyika kutoka kwenye wastani. Ukinzani wa umeme ubadilishwe kwanza kuwa logi (logariti), maana huweza kupanda kutoka omu-mita 1 hadi mamia. Napendekeza kuuacha nje kabisa ikiwa lengo ni aina ya mwamba, kwani mchanga uleule utagawanyika mara mbili, wenye mafuta na wenye maji ya chumvi. Kina pia kisiingizwe.

Kuhusu idadi ya makundi, jaribu kuanzia matatu hadi kumi na utazame alama ya silueti, inayopima jinsi makundi yalivyotengana, lakini usiifanye hakimu. Ni afadhali kuanza na makundi mengi kidogo, kisha kuyaunganisha yale ambayo mjiolojia anaona ni mwamba mmoja. K-means, mbinu inayoweka kila safu katika kundi ambalo kitovu chake kiko karibu zaidi, hutosha kwa kuanzia. Makundi yakiwa marefu na yanayoingiliana, mchanganyiko wa Gauss, unaochora kila kundi kama mtawanyiko wenye umbo la kengele, hufaa zaidi kwa sababu hutoa pia uwezekano wa kila jibu.

Sasa yape makundi majina. Chora densiti dhidi ya nyutroni: kwazi (madini makuu ya mchanga) ina densiti ya 2.65, kalisiti (madini ya chokaa) 2.71 na dolomiti 2.87, wakati miamba ya tope huonyesha nyutroni kubwa kwa sababu ya maji yaliyoshikwa na madini yake. Usimwamini gama peke yake, kwa kuwa mchanga wenye madini mengi ya feldispa au maika huonyesha gama kubwa kama miamba ya tope. Majina yathibitishwe kwa sampuli za mwamba zilizokatwa kisimani.

Ukihamia kisima jirani, tumia wastani na mkengeuko wa kisima cha kwanza, si vyake chenyewe, baada ya kulinganisha usomaji wa gama katika tabaka la tope linaloonekana katika visima vyote viwili. Kisha pima ni sehemu gani ya majibu inalingana na sampuli za kisima hicho. Tarajia kasoro nyingi zaidi kwenye matabaka yasiyofika nusu mita, kwa sababu hapo kifaa kimechanganya mwamba na jirani zake kabla namba hazijafika kwenye kompyuta.