Zaka ya duka: piga hesabu hivi

Chagua siku moja ya mwaka wa Hijria, tuseme mosi Ramadhani, uishike kila mwaka. Siku hiyo thamini bidhaa zote kwa bei ya kuuzia ya leo, si ile uliyonunulia Marikiti. Ongeza pesa za droo, benki na M-Pesa, pamoja na madeni ya wateja wanaolipa kweli. Wale wa “kesho, inshallah” wasubiri mpaka walipe. Punguza unachodaiwa na wauzaji wa jumla. Rafu, mizani na friji haziingii.

Jumla ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu, gawa kwa 40, yaani asilimia 2.5; hiyo ndiyo zaka yako. Wengi hukosea hapa: hutolea zaka faida pekee, mtaji wakauacha. Anayefunga vitabu Desemba atumie asilimia 2.577, kwani mwaka wa jua huuzidi wa Hijria kwa siku 11 hivi.