Kuandaa baraza la kumbukumbu ya Vita vya Maji Maji kijijini

Kila tarehe 27 Februari Songea hujaa watu. Siku kama hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa mashujaa zaidi ya 60, nasi hukusanyika kwenye makumbusho kuwakumbuka. Mimi ni mwalimu wa historia, nimewapeleka wanafunzi huko miaka mingi. Wanarudi wakilijua vizuri jina la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni. Waulize wahenga wao wenyewe walikuwa wapi mwaka ule, wananyamaza. Ndiyo sababu nilianza mabaraza ya kijiji.

Chagua Agosti au Septemba. Februari mvua ni nyingi na wazee hawatoki. Baada ya mavuno watu wana nafasi, na aliyeshiba husimulia njaa bila haraka. Mwone mwenyekiti wa kijiji na mtendaji mapema, tangazo litoke kwao, ila waombe kusiwe na mgeni rasmi. Mwaka wangu wa kwanza nilimwalika mmoja. Hotuba zilikula saa mbili, jua likazama, na bibi niliyemfuata nyumbani mara tatu akaondoka hajasema neno. Alifariki kabla ya mavuno mengine. Mpaka leo linaniuma.

Kazi yenyewe iko kwenye ziara za nyumbani. Beba sukari, toa shikamoo, kaa. Daftari libaki mfukoni siku ya kwanza. Na usianze na vita, anza na chakula. Wanaume wengi waliopigana walikufa. Waliobaki kulea walikuwa wanawake, na walichowarithisha wajukuu ni habari za njaa. Wajerumani waliteketeza mashamba na maghala kwa makusudi ili kuwavunja watu nguvu, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo vya vita vyote huanzia 75,000 na kufika 300,000. Babu mmoja nilimuuliza aliambiwa nini kuhusu vita, akatikisa kichwa. Nikamuuliza, "Bibi yako alikukataza kutupa nini?" Alizungumza mpaka jioni: pumba, mbegu, masuku yaliyookotwa porini, mizizi iliyochemshwa mara tatu.

Kila simulizi ifuate swali hili: "Hili ulilisikia kwa nani?" Andika mlolongo wote, bibi, mama yake bibi, jirani. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipozunguka kukusanya habari hizi, bado walikuwepo watu walioviona vita kwa macho yao. Sisi hatuna hata mmoja. Mlolongo huo ndio utakaotenga habari ya nyumbani na ile mzee aliyoisoma shuleni. Ya shuleni nayo iandike, lakini kwenye ukurasa wake.

Siku ya baraza tandika mikeka chini ya mwembe, watoto wakae mbele. Kipaza sauti usilete. Mzee akikishika anaanza kuhutubia. Chora ramani ardhini kwa majivu: mto, Peramiho ambako misheni ilichomwa mwaka 1905, njia ya Liwale, vilima ambako familia zilijificha. Wazee wataisahihisha kwa fimbo zao, na hapo ndipo maneno hufunguka. Simu moja tu irekodi, ikiwa kwenye hali ya ndege, juu ya kitambaa kilichokunjwa. Ruhusa uliyopewa nyumbani iombe tena mbele ya watu.

Jiandae kwa mambo mawili mazito. Mtoto atauliza kama wahenga walikuwa wajinga kuamini kwamba risasi zitageuka maji. Asikaripiwe. Mweleze pamba ya shuruti, kodi na viboko. Mweleze kwamba Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba ile, na kwamba maji ya dawa ya Kinjekitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, yaliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao hawakuwahi kuwa na mfalme mmoja. Huku Ungoni aliyeyapokea mapema alikuwa mwanamke mtawala, Nkomanile, naye alinyongwa pia. Nimeona wasichana wakinyanyua vichwa jina hilo linapotajwa.

La pili ni nyumba ambazo babu zao walikuwa askari au rugaruga, yaani wapiganaji wasaidizi, wa Mjerumani. Nenda kwao wewe mwenyewe kabla ya siku, na usiwataje hadharani wasipotaka. Kuna mjukuu mmoja aliyeamua kusimama na kusema mwenyewe. Kimya kilitanda, kisha mzee aliyekuwa karibu akamsogezea mkeka.

Vijana watataka kujadili msamaha ulioombwa hapa Songea Novemba 2023 na Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, na fuvu la Nduna Songea linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Wana haki, wape nafasi, lakini mwishoni. Mjadala huo ukitangulia, sauti za akina bibi hazisikiki tena.

Ndani ya mwezi mmoja rudi kwa kila msimuliaji na maneno yake yaliyoandikwa, umsomee kwa sauti. Bibi mmoja alinikatiza nilipofika "wakakimbilia mlimani". Alisema, "Futa hilo, mwalimu. Mama yangu hakuniambia walikimbia. Aliniambia waliwapeleka watoto mlimani." Nikafuta, nikaandika upya mbele yake, nikamwachia nakala ndani ya mfuko wa plastiki ili isiliwe na mchwa.