Jinsi ya Kutengeneza Mmumunyo wa Lugol kwa Kuongeza Uyeyukaji wa Iodini

Lita moja ya maji huyeyusha takribani gramu 0.3 tu za iodini, kiasi kidogo mno kwa matumizi ya hospitali. Mmumunyo wa Lugol, ambao hadi leo hupakwa kwenye shingo ya kizazi wakati wa uchunguzi wa saratani, huondoa kikwazo hicho kwa msaada wa potasiamu iodaidi.

Kwa mililita 100, pima gramu 5 za iodini na gramu 10 za potasiamu iodaidi. Iodini ipimwe kwenye chombo cha kioo, kamwe isiguswe na kijiko cha chuma, kwa kuwa hula metali. Vaa glavu na miwani, maana mvuke wake huwasha macho na koo.

Yeyusha kwanza potasiamu iodaidi katika mililita 10 hivi za maji yaliyokenekwa, kisha utie iodini. Hapa ndipo wengi huharibu kazi kwa kumimina maji yote mapema. Katika mmumunyo mzito, molekuli ya iodini hushikana upesi na ioni ya iodaidi na kuwa triiodaidi, ambayo huyeyuka majini bila shida. Ukishazimua, koroga utakavyo, chembe zitakawia sana kuisha. Rangi ya kahawia iliyokolea huficha chembe hizo, kwa hiyo inamisha bika kwenye mwanga ukague kitako chake kabla ya kuongeza maji hadi mililita 100.

Hifadhi katika chupa ya kioo cha kahawia, yenye kifuniko kinachobana kisicho cha metali.